Mwaka Mmoja Tena kwa Mtini wa Ukutani

Wadogo zangu wa bustani, amani ya Bwana iwe kwenu.

Ufunguo wa stoo nimeurudisha kwa Ma sœur Christine, mama mkuu wa masista. Misa ya shukrani nimesomewa, soda nimekunywa, na mke wangu amepewa kitenge kwa uvumilivu wake, jambo ambalo naona lilikuwa la haki. Sasa niko nyumbani Kikula, hapa Likasi, najifunza kukaa. Ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Asubuhi ya kwanza niliamka saa ya siku zote, nikavaa buti, nikafika mlangoni. Mke wangu, Mama Agnès, akauliza kutoka jikoni, "Unaenda kwa nani?" Nikavua buti.

Mliniomba niwaachie maneno ya kazi kwa maandishi, kwa sababu, mlisema, nikizungumza nachelewa kufika mwisho. Ni kweli. Nitajaribu.

Sitaandika juu ya mshahara. Ulikuja, ukapita, tukamshukuru Mungu. Wala sitaandika juu ya siku niliyofanywa mkubwa wa bustani, maana siku hiyo nilipewa koti tu, na jembe lilibaki lile lile. Kabichi, vitunguu na maua ya altare mnavijua kama mimi. Nitaandika juu ya mitini, hasa mmoja, ule wa ukutani, ili msije mkaukata bila kujua ni nini mnachokata.

Mtini ninaousema si mukuyu wa porini, ule mti mkubwa ambao wazee wetu waliuheshimu, na ambao yule mtu mfupi wa Yeriko alipanda ili amwone Bwana. Huu ni ndugu yake mdogo aliyetoka mbali, mwenye majani kama kiganja cha mkono na tunda laini kama kifuko, tamu ndani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kijana mwembamba. Baba yangu alikuwa mtu wa kiwanda na alitaka niingie kiwandani kama yeye, lakini kiwandani waliniangalia mabega wakanishauri nirudi nikishakula zaidi. Paroko wetu akanipeleka kwa masista, kwa mtunza bustani wao, Mzee Kabamba. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia moja tu. Hakuniuliza najua nini. Alinionyesha mtini wa kahawia karibu na jiko, akanipa sekateri, mkasi wa kukatia matawi.

"Punguza hii matawi," akasema. "Vala shimizi ya mikono murefu."

"Jua iko kali, Mzee. Nitaivala kesho."

"Kesho utaivala kweli," akasema, akaenda kumwagilia nyanya zake.

Nilikata matawi asubuhi nzima. Mtini ukikatwa unatoa utomvu mweupe kama maziwa, nao ulinitiririka mikononi, nami nikaona ni kitu kizuri. Jioni ngozi iliwasha. Usiku ilivimba. Kulipokucha mikono yangu yote ilikuwa na malengelenge na michirizi myekundu, kama mtu aliyechapwa na asiyeonekana. Jirani yetu alisema wazi kwamba mti ule ni wa ukoo wa mukuyu, na mizimu ya mukuyu haipendi kukatwa na mtoto wa watu asiyejulikana. Mama yangu alinifunika kitambaa na kuanza Rozari.

Nilirudi kazini nimevaa shati la baba, lenye mikono iliyofika kwenye kucha. Mzee Kabamba aliipandisha ile mikono ya shati, akaiangalia ngozi.

"Banasema muti imeniloga," nikamwambia.

"Muti haikukuloga. Ilikuambia tu jina yake." Kisha akanipaka mafuta ya mawese, akanifundisha: utomvu wa mtini pamoja na jua huunguza. Kata asubuhi na mapema au siku ya mawingu, funika mikono, nawa kwa sabuni kabla jua halijapanda. Huo ndio mwanzo wa elimu yangu, na niliubeba kwenye ngozi mpaka Pasaka.

Mzee alinifundisha mambo mengine polepole, kwa kunyamaza. Kwa mfano jinsi ya kupata mti mpya. Mtini hatuupandi kwa mbegu. Mwezi wa nane, kabla macho ya tawi hayajafumbuka, unakata kijiti kinene kama kidole, kirefu kama penseli mpya. Unakiacha kivulini mpaka maziwa yakauke kwenye jeraha. Ndipo unakichomeka kwenye mchanga wa mto, ndani ya kopo la zamani la mafuta lililotobolewa chini. Wengi huua vijiti vyao kwa upendo. Kila wanapopita wanamwagia maji. Mzee alikuwa haangalii mchanga. Alikuwa ananyanyua kopo. Likiwa zito, alilirudisha chini. Likiwa jepesi, alilipa maji kidogo. "Mutini inakufaka na maji kabla ya kufa na kiu," alisema. Nimezika vijiti vingi kabla ya kumwamini.

Kisu chetu cha bustani, kile mlichokirithi, kilitengenezwa na fundi wa chuma karibu na soko la Kikula kutoka bapa la msumeno uliovunjika. Mpini wake umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Msikidharau. Nimeona visu vya dukani vyenye maandishi mazuri vikija na kwenda. Sekateri inolewe kila Jumamosi na ipakwe mafuta. Sekateri butu haikati, inatafuna, na jeraha lililotafunwa halifungi.

Na majira. Tini na mvua havipatani. Tunda likinyeshewa linapoiva linapasuka na kuchacha, na nyuki wanalewa juu ya mti kama watu wa harusi. Kwa hiyo Mzee alikata matawi mwezi wa tano, mvua ikishaondoka. Wakati wa ukavu aliupa mti maji yaliyobaki kwenye kufua, na tini ziliiva mwezi wa kumi, kabla mawingu hayajarudi. Baridi ya Juni ikizidi, zinachelewa. Basi mnangoja. Mtu asiyeweza kungoja afuge kuku.

Mwaka wangu wa pili Mzee alinipa kijiti cha mtini wa kahawia nikipande nyumbani. Hapo ndipo niliposhikwa na ugonjwa mpole wa kukusanya. Baada ya ule wa kahawia nilipata mweupe kutoka ua wa mwoka mikate mmoja aliyekuwa akihama. Shemeji yangu wa reli aliniletea wa zambarau kutoka Kolwezi, kijiti kimefichwa ndani ya mkate. Kijana aliyefanya kazi Mwadingusha alikuta mwingine nyuma ya nyumba ya zamani isiyo na mtu, akaniletea umefungwa katika gazeti lenye maji. Mtu akisafiri, sikumwagiza nguo wala samaki. Nilimwagiza kijiti.

"Wanaume bengine banaleta nyama," Mama Agnès alikuwa akisema. "Weye unaleta fimbo."

"Fimbo hii itazaa."

"Nyama ilishazaa. Ndo mana inakuwaka nyama."

Lakini yeye ndiye aliyeyamwagilia makopo yangu nilipokuwa mgonjwa, na ndiye aliyepika jamu ya kwanza. Uwanja wetu ni mdogo, umebanwa na kuta za majirani pande tatu, na bado kwa neema ya Mungu ulijaa mitini kiasi kwamba kamba ya nguo ilihamia barabarani.

Sasa nifike kwenye ule wa ukutani.

Padri mmoja mzee wa misheni alikwenda kuhiji kwenye nchi ya Bwana, akarudi na vijiti vitatu ndani ya soksi yenye maji. Alimpa Mzee Kabamba. Viwili vilikufa. Kimoja kilishika, na Mzee alikipanda ua wa nyuma, penye ukuta wa chumba cha kufulia, ambapo paa linatokeza kidogo. Ulikuwa mti wa mwisho alioupanda. Magoti yalikuwa yamechoka, akawa anakuja kazini kukaa tu. Siku moja, mti ule ukiwa unafika kiunoni, alinishika mkono.

"Pascal, hii imetoka kule Yesu alitembea. Usiikate kabla ya mutu kuionja."

"Tutaionja pamoja, Mzee."

Hakungoja. Mungu alimchukua kabla mti haujatoa tunda hata moja, nami nilibaki na ahadi na kofia yake.

Mti ulikua vizuri sana. Majani yake yalikuwa mapana, shina lake nene. Kila mwaka ulitoa vitini vidogo vya kijani, vingi, nami nilifurahi. Vikifika ukubwa wa ncha ya dole gumba, vilinyauka na kuanguka vyote. Mwaka wa kwanza nilisema ni uchanga. Mwaka wa pili nilisema ni ukavu. Mwaka wa tatu niliviokota, nikavitupa kwenye mbolea.

Wakati huo Ma sœur Christine alikuwa amefanywa mama mkuu wa nyumba. Mnamjua: mtu wa haki, mwenye hatua za haraka. Umeme ulipokatika, pampu ya kisima ilinyamaza, na masista, hata wazee, walibeba ndoo. Alitaka tangi kubwa juu ya nguzo za saruji, na mahali alipopaona panafaa palikuwa pale ukutani, karibu na kufulia. Mti ulikuwa njiani. Sikumpinga, maana nilikuwa nimewaona wale masista wazee na ndoo zao.

Ikafika Dominika ya tatu ya Kwaresima, na somo la siku hiyo lilikuwa lile la mtini usiozaa, ambao bwana shamba alitaka ukatwe na mtumishi wake akauombea. Nilipotoka kanisani, Ma sœur Christine alikuwa amesimama uani mbele ya mti, mikono nyuma.

"Baba Pascal, umesikia Injili?"

"Nimesikia, ma sœur."

"Basi?"

"Basi yule mutumishi aliomba baiache mwaka moja tena. Ataichimbia, ataiwekea mbolea."

Aliutazama mti, akanitazama mimi. "Mwaka moja," akasema. "Sababu ya Injili."

Nilichimba. Niliweka mavi ya mbuzi, majivu, majani yaliyooza. Mti ulinenepa kwa furaha na ukaangusha vitini vyake vyote kama kawaida. Ma sœur hakuniuliza, maana fedha ya saruji haikuwa imepatikana, nami sikumkumbusha.

Ninyi mnajua kwamba masomo ya Dominika huzunguka na kurudi kila mwaka wa tatu. Mimi pia nilijua, na nililala vizuri kwa sababu hiyo, mpaka Kwaresima ile iliporudi. Nilimkuta uani, mahali pale pale.

"Baba Pascal, umesikia Injili?"

"Nimesikia, ma sœur. Inasema mwaka moja tena."

"Ile mwaka moja uliishaomba. Ilimalizika."

"Injili imerudi, ma sœur. Mwaka nayo imerudi."

"Mwaka yako iko na miezi ngapi, weye Baba?"

"Yule mutumishi hakusema miezi."

Aligeukia ukuta ili nisimwone akicheka, lakini mabega yalimsema. Alipogeuka tena uso ulikuwa wa mama mkuu.

"Sikiliza. Injili ikirudi mara ya tatu, minye sitakuuliza kama umesikia. Nitauliza kama iko na matunda. Kama hapana, kesho yake fundi ya tangi anaingia. Et voilà, imeisha."

"Ni haki, ma sœur."

Ilikuwa haki, na hapo ndipo nilipoanza kuhangaika. Nilijaribu kila kitu ambacho mtu amewahi kuniambia. Niligusa kitako cha kila kitini kwa tone la mafuta ya karanga, kama Mzee alivyofanya kwenye ule wa kahawia ili uwahi kuiva. Nilipunguza maji, nikaongeza maji. Mtu mmoja alinishauri niutishie mti kwa shoka mbele ya mashahidi. Niliona haya, nikautishia peke yangu. Haukujali.

Nilichukua tawi lake nyumbani, nikalipanda kwenye kopo, nikifikiri labda ukuta ule ndio ulikuwa na tatizo. Jirani yetu Mama Charlène, muuza mikate ya kukaanga, aliliona. Yeye ni mtu wa kanisa la uamsho, na mumewe anachimba madini huko machimboni. Ni jirani mwema mwenye sauti kubwa.

"Baba Pascal, ile muti ya bamasista iko na kifungo," aliniambia juu ya ukuta. "Nyinyi Bakatoliki munaiombeaka. Hamuifunguake."

"Tunaiwekea mbolea pia."

"Mbolea haifukuzake pepo. Nitakuja na pasta yetu, saa moja tu."

"Mama, Ma sœur Christine akisikia pasta yako uani, atatufukuza minye, weye, muti na pepo pamoja."

Alicheka mpaka mafuta yake yakaungua. Lakini kila Ijumaa alikuwa akiniambia amefunga kwa ajili ya mti. Sikumkataza. Sala ni sala.

Mwaka uliotangulia Kwaresima ile ya tatu, wakati wa ukavu, alikuja Nathalie. Alisoma kwa masista akiwa mdogo, sasa anasoma kilimo Lubumbashi, na alikuja kumsalimu shangazi yake, sista mmoja wa hapa. Nilimwonyesha mti kama mtu anavyomwonyesha daktari mtoto wake. Aliokota kitini kilichoanguka, akakipasua kwa kucha, akakitazama ndani.

"Baba, hii muti haiko mugonjwa," akasema.

"Asante Mungu."

"Lakini haitazaa. Kuko aina ya mitini inazaa yenyewe, sawa ile ya kahawia. Hii apana. Hii inaomba kadudu kadogo sana kaingie ndani ya tunda na vumbi ya mutini dume. Kule imetoka, kale kadudu kako. Huku hakako, na mutini dume hauko."

"Na nikiongeza mbolea?"

"Baba, hata uiwekee mbuzi bote ba Likasi."

Nilimshukuru kwa moyo. Kisha nilikwenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya stoo. Miaka yote ile niliuchimbia mti usio na kosa na usio na dawa. Mzee aliniomba nisiukate kabla mtu hajauonja, na hapakuwa na kitu cha kuonja, wala hakitakuwapo. Nilisema salamu Maria moja, nikarudi kwenye vitunguu.

Msiba hauji peke yake. Nyumbani mitini yangu ilikuwa ikififia. Ule wa kahawia, wa kwanza kuliko yote, ulianza kugeuka njano, kisha mweupe, kisha ule wa Kolwezi. Nilichimbua mmoja uliokauka, nikakuta mizizi yake imejaa vinundu, vikifuatana kama shanga za Rozari. Mzee aliwahi kunionyesha: ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inaishi kwenye udongo wa mchanga wenye joto. Hatukuwa na dawa yake ila kuhamisha mti, na uwanja wangu hauna pa kuhamia. Mama Agnès, aliyeita mitini yangu pori, alisimama kando yangu na kusema kwa sauti ndogo, "Hata ile ya jamu?" Hata ile ya jamu.

Wiki hiyo Ma sœur alinituma nichimbe pale ukutani ili fundi aone kama chini kuna mwamba. Nilichimba kando ya shina. Mizizi ya mti ule ilitoka kwenye udongo misafi, myeupe, laini kama kamba mpya, bila kinundu hata kimoja. Lakini hatua chache tu kutoka hapo mtini wa kahawia wa jikoni ulikuwa na shanga mizizi yote. Udongo ni ule ule. Maji ni yale yale.

Nilisimama ndani ya lile shimo, na nikakumbuka machungwa. Miaka mingi Mzee na mimi tulipandikiza machungwa matamu juu ya miguu ya limau kali, kwa sababu limau ina mizizi ya kiume na tunda la kukunja uso. Kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, mikono hii ilifanya kazi hiyo, na kichwa hakikuuliza mikono. Nilicheka peke yangu shimoni. Sista mmoja alichungulia dirishani kuona kama niko salama.

Nilimpigia Nathalie simu, nikamuuliza kama mitini nayo hupandikizwa hivyo. "Jaribu, Baba," akasema. "Sijaona mutu anaifanya huku. Ukifaulu, uniambie ili nami niandike."

Mwezi wa nane, maganda yalipoanza kulegea, nilikwenda kumwona Ma sœur Christine na kumwomba ruhusa ya kukata mti.

Alivua miwani. "Leo ni weye unaomba?"

"Kichwa tu, ma sœur. Miguu nabakisha."

Hakuelewa, lakini aliniruhusu. Nilivaa mikono mirefu, nikaukata mti kwenye urefu wa goti, na nikauacha utoe maziwa yake mpaka ukaacha. Hilo mlishike: utomvu ukiwa bado unatoka, kipandikizi kinaelea na kufa. Nilifuta kisiki, nikapasua ganda, nikaingiza vijiti vya mtini wa kahawia wa Mzee, kutoka tawi la mwisho lililokuwa na uhai nyumbani kwangu. Nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Kuziba majeraha nilihitaji nta, na sakristia ilikuwa na vipande vya mishumaa ya altare. Niliomba ruhusa kwa paroko, maana ni mishumaa iliyobarikiwa. Alisema haoni kazi bora zaidi kwa mshumaa uliostaafu.

Vijiti vingine vilikufa. Viwili vilishika. Mvua zilipoanza vilikimbia juu kama watoto waliotoka shule. Kumbukeni shida yangu: tini nzuri huiva Oktoba, na somo la Injili haliji Oktoba. Linakuja katikati ya mvua. Basi mwezi wa kumi na moja nilikata ncha ya kila tawi, ili nguvu iache kupanda na ishuke kwenye matunda. Yakatoka. Sikumwambia mtu. Nilivuta tawi moja chini ya paa la kufulia ili mvua isilifikie, na hapo nilimshukuru Mzee kwa kuchagua ukuta ule. Majani yaliyopata ugonjwa wa kutu niliyatoa moja moja. Popo walikula tunda la kwanza, basi Mama Agnès alitoa chandarua chake cha zamani.

"Nilidhani hiki ni cha mbu," nilimwambia.

"Na minye nilidhani niliolewa na mutu," akasema, akakishona matundu.

Mengine yalipasuka, mengine yalioza. Dominika ilipofika yalibaki matatu, yameinamisha shingo, yametoa tone la asali kitakoni. Niliyachuma kabla ya Misa, nikayaweka kwenye sahani na kuifunika kwa kitambaa. Injili iliposomwa niliisikiliza kama mtu anayesikia jina la nyumbani kwao.

Ma sœur Christine alikuwa uani. Fundi wa tangi alikuwa naye, na mita mkononi.

"Baba Pascal," akasema, bila tabasamu, "iko na matunda?"

Nikafunua sahani. Alichukua moja, akalifungua kwa vidole, akalitazama ndani lilivyo jekundu. Alikula polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Hii ni tini ya kahawia," akasema mwishoni. "Haiko ya hii muti."

"Mizizi ni yake, ma sœur. Matawi ni ya Mzee Kabamba."

Alikwenda akainama mbele ya kisiki, akagusa pale palipoungana, kwenye nta ya mishumaa. Fundi alikunja mita yake.

"Na tangi tutaiweka wapi?" akauliza, bado ameinama.

"Nyuma ya jiko, ma sœur. Shimo ya nguzo iko tayari."

"Tangu lini?"

"Tangu Mwaka Mupya."

"Na kama haingezaa?"

"Ningepanda ndizi ndani."

Safari hii hakugeukia ukuta. Alicheka mbele yetu wote, na fundi naye, ambaye hakujua anacheka nini.

Tunda la pili nilimpelekea Mama Agnès, kwa ajili ya chandarua. La tatu nililila mwenyewe pale pale, nimevua kofia ya Mzee. Lilikuwa tamu. Sina neno kubwa zaidi.

Tangi mnaliona. Masista hawabebi ndoo tena, na maji yanayomwagika linapojaa yanakwenda kwenye mti wa ukutani kwa mfereji mliouchimba ninyi. Kwangu nimepanda upya: kila mtini sasa unasimama juu ya mguu wa ule usiozaa, na mizizi ni misafi. Mama Charlène alikuwa wa kwanza kuomba mmoja. Anasema ni matokeo ya kufunga kwake Ijumaa. Simpingi, na Nathalie naye hampingi, ingawa ameandika vingine.

Yaliyobaki ni ya kazi. Kila mwaka, chini ya kiungo, mti hutoa machipukizi yake ya zamani, yenye majani mapana yale yale. Yang'oeni yangali machanga, la sivyo yatamaliza nguvu za ndugu yake. Msiyachukie. Kisu kiko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Vaeni mikono mirefu. Najua mtavaa kesho.

Somo lile litarudi. Mimi nitakuwa benchini na watu wengine, bila buti. Baada ya Misa nitapita uani polepole, kama mzee anayenyoosha miguu. Sitawauliza neno. Nitaangalia tu kama Ma sœur Christine ana sahani mkononi.